Nilikosea kuhusu mota ya servo

Leo nimekuja kulipa deni. Mwaka jana, katika mazungumzo kama haya, niliwaambia mafundi wenye karakana ndogo, hasa wale ambao majengo yao hayana umeme wa njia tatu, kwamba dawa ya matatizo yao imepatikana, nayo ni mota ya servo. Nilisema mota hiyo hutumia umeme wa kawaida wa nyumbani, haipigi kelele, hubadili kasi kwa kuzungusha kitufe tu, na kwamba kwa mota hiyo siku za gia zimekwisha. Maneno hayo ya mwisho nayakumbuka vizuri, kwa sababu mwezi uliopita nililetewa yakiwa yamechapwa.

Aliyeniletea ni kijana anayefanya kazi ya kukereza chuma Gerezani, hapa Dar es Salaam. Alikuwa ameukata ukurasa wa gazeti uliochapa mazungumzo yale, akaukunja mara nne na kuuweka katika mfuko wa shati, na kwenye mikunjo karatasi ilikwisha kuanza kutoboka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Hakukaa. Aliukunjua ukurasa ule juu ya meza, akaweka kidole kwenye mstari alioupigia kalamu. "Mzee, hapa ulisema siku za gia zimekwisha. Naomba twende ukaione mashine yangu."

Nilikwenda, na njia nzima hatukuzungumza sana.

Kabla sijasimulia nilichokikuta, yafaa wale wasio mafundi waelewe mota hii ni kitu gani. Wengi wenu mmekwisha kuiona bila kujua jina lake. Nendeni kwa mafundi cherehani wanaotumia vyerehani vikubwa vya kiwandani. Zamani chini ya meza ya cherehani kama hicho palikuwa na mota nzito yenye klachi, ambayo ikishawashwa asubuhi huunguruma kutwa nzima hata kama fundi amekwenda kunywa chai. Inazunguka muda wote, na kanyagio kazi yake ni kushikisha na kuachisha klachi tu. Siku hizi wengi wameiondoa na kuweka mota ndogo, nyepesi, ambayo hulala kimya mpaka mguu uguse kanyagio. Mguu ukigusa kidogo, sindano hushona nukta moja, ya pili, ya tatu, polepole, kama inavyotakiwa kwenye kola. Mguu ukikandamiza, inakimbia. Hiyo ndiyo servo.

Siri yake ni kwamba mota hiyo inajijua. Ndani yake kuna sumaku za kudumu, na nyuma yake kuna kifaa kinachoitwa enkoda kinachopeleka habari kwenye kisanduku cha elektroniki: sasa nimezunguka kiasi hiki, sasa nipo mahali hapa. Kisanduku hulinganisha habari hiyo na amri iliyotolewa, na kama mota imechelewa hata kidogo, huiongezea umeme. Kama imepitiliza, huirudisha. Ulinganishaji huo hufanyika maelfu ya mara katika kila sekunde. Mota ya kawaida ya kiwandani haina habari hizo. Ukiipa umeme inazunguka, ukiielemea inapungua kasi kidogo, na haijui ipo digrii ya ngapi.

Mimi niliiona servo ikifanya kazi kwenye cherehani, nikaipenda, na kwa kuipenda nikaruka kutoka kwenye cherehani mpaka kwenye mashine ya kukerezea chuma, ile ambayo mafundi huiita lethi. Ndipo kosa langu lilipoanzia. Sindano ya cherehani inatoboa kitambaa. Lethi inamenya chuma.

Sasa turudi Gerezani. Kijana yule alikuwa na lethi ya zamani, imara, yenye mota ya kilowati 1.5 ya njia tatu. Alipohama chumba cha kwanza na kupanga kingine, akakuta umeme wa njia moja tu. Gharama ya kuvuta njia tatu hadi pale ilimzidi. Ndipo akasoma gazeti. Akaenda dukani kuulizia mota ya servo, na muuzaji, ambaye simtaji, akamwuzia ya wati 750 pamoja na kisanduku chake. Alimweleza kwamba mota ile inakwenda kutoka sifuri mpaka mizunguko 3,000 kwa dakika kama apendavyo, kwa hiyo zile gia za nyuma zilizomo kwenye kichwa cha mashine, ambazo baadhi zilikuwa zimeanza kulika meno, hazina kazi tena. Kijana akazitoa. Akafunga puli mbili na mkanda mmoja, kiasi kwamba mota ikizunguka mara mbili spindeli inazunguka mara moja. Spindeli, kwa wasioijua, ni mhimili ulio ndani ya kichwa cha mashine, na kwenye ncha yake hufungwa kishikio cha taya kinachokamata kazi. Gia pamoja na mota ya zamani akaziuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu, fedha akaongezea kwenye bei ya servo. Sehemu iliyobaki aliikopa kwenye kikundi chao cha kuweka na kukopa, watu ishirini na wawili, na marejesho ni kila Jumamosi.

Riziki yake kubwa ni ngoma za breki za daladala. Ngoma ikilika na kufanya mifereji, hupelekwa kwa mkerezaji akaisawazishe ndani. Akafunga ngoma, akawasha mashine mbele yangu, akaanza kusogeza kisu. Mashine ikazunguka vizuri, kimya kabisa. Kisu kikagusa chuma. Ngoma ikasimama. Kwenye kisanduku taa ikawaka na maandishi ya hitilafu yakatokea, maana yake mota imeelemewa. Akazima, akawasha tena, akaondoa chuma chembamba kama karatasi ya sigara. Hapo ikakubali. "Kwa namna hii, mzee," akaniambia, "ngoma niliyokuwa namaliza kwa nusu saa sasa inanichukua nusu siku."

Nikaomba karatasi na kalamu. Hesabu nitakayoieleza sasa ndiyo ambayo nilipaswa kuifanya mwaka jana kabla ya kufungua kinywa, nanyi mnaweza kunifuata bila kuwa mafundi.

Chukua fimbo yenye urefu wa mita moja, ishikize mwisho mmoja kwenye mhimili wa mota, na mwisho wa pili ning'iniza mzigo. Mzigo ambao mota inaweza kuuinua kwa kuzungusha ile fimbo ndio kipimo cha nguvu yake ya kusokota. Servo ya wati 750 yenye mizunguko 3,000 inaweza kuinua, kwa kazi ya mfululizo, kama robo kilo. Naam, robo kilo, kama pakiti ndogo ya majani ya chai. Kwa sekunde chache inaweza kujikaza mara tatu ya hapo, halafu kisanduku kinaikatia umeme isiungue. Kwa kuwa kijana aliweka puli za moja kwa mbili, kwenye spindeli robo kilo ile inakuwa nusu kilo, na ikijikaza inakaribia kilo moja na nusu.

Je, ngoma inahitaji kiasi gani? Ngoma ile ilikuwa na kipenyo cha sentimita 32. Kisu kikiingia milimita moja na kusogea milimita 0.2 kwa kila mzunguko, chuma cha kuvalia, ambacho ndicho cha ngoma, hukisukuma kisu kwa nguvu kama ya mzigo wa kilo 24. Nguvu hiyo inakaa sentimita 16 kutoka katikati. Ukiihamishia kwenye fimbo yetu ya mita moja inakuwa kilo nne kasoro kidogo. Mashine ina nusu kilo, kazi inataka kilo nne. Hata kama mota ingejikaza mpaka mwisho wa uwezo wake, isingefika nusu ya safari.

Lakini lililonishangaza mimi mwenyewe ni hili. Ngoma ile ikizunguka mara 60 kwa dakika, kazi yote ya kumenya inahitaji wati 240 tu. Mota imeandikwa 750. Mtu yeyote anayesoma kibandiko atasema inatosha na chenji inabaki. Tatizo ni kwamba zile wati 750 zinapatikana mota ikiwa inazunguka mara 3,000. Ngoma ikizunguka mara 60, mota ile inazunguka mara 120 tu, na katika kasi hiyo, kwa nguvu yake ileile ya kusokota, inatoa wati 30. Kijana alikuwa amenunua wati 750 na anatumia 30.

Wenzangu waliowahi kupanda mlima Kitonga kwa basi watanielewa haraka. Dereva akifika pale hashikilii gia ya barabara tambarare kwa sababu tu injini yake ni kubwa. Anarudi chini, gia ya pili, pengine ya kwanza, injini inanguruma kwa mizunguko mingi na magurudumu yanakwenda polepole, na ndivyo nguvu yote ya injini inavyofika kwenye lami. Akilazimisha gia ya nne, injini inazimika, na wala injini haina kosa.

Mota ya zamani ya kijana yule, ya kilowati 1.5, ilizunguka mara 1,450 kwa dakika, na katika fimbo yetu ilikuwa inainua kama kilo moja. Kupitia puli na gia za nyuma mpaka kufikia mizunguko 60, kilo ile moja ilizidishwa zaidi ya mara ishirini. Toa kinacholiwa na msuguano, bado ni kilo ishirini hivi kwa kazi inayotaka nne. Ndiyo maana alikuwa anamaliza ngoma kwa nusu saa huku anapiga soga. Gia zilizoonekana chakavu ndizo zilizokuwa zinafanya kazi.

Hata ile servo ndogo, lau gia zingebaki mahali pake, ingeweza. Gawanya 3,000 kwa 60 unapata hamsini. Robo kilo mara hamsini ni kilo kumi na mbili. Ngoma ingemenyeka. Kilichomponza kijana ni sentensi yangu ya gia.

Nilipokuwa ningali nahesabu, akataka kunionyesha jambo jingine, na jambo hilo ndilo lililonitoa jasho. Aliondoa ngoma, akabaki na kishikio kitupu, akakipeleka mizunguko kama 1,000, halafu akabonyeza kitufe cha kusimamisha. Servo inasimama mara moja, kwa sababu haikati umeme tu, bali inausokota mhimili kinyume. Mota ikasimama. Kishikio hakikusimama. Kwenye mashine nyingi za zamani kishikio hukazwa kwenye spindeli kwa hesi, na kukata chuma ndiko kunakozidi kukikaza. Ukiisimamisha spindeli ghafla, kishikio kizito kinaendelea na safari yake, na hesi inafunguka. Nilikiona kikitoka nusu mzunguko, na sauti yake ikabadilika. Nilimvuta kijana mkono. Bahati ilikuwa yetu, kiliganda pale pale. Kishikio kile kina uzito unaozidi kilo kumi. Kingetoka chote kingetembea juu ya kitanda cha mashine na kuruka kwenda kilikopenda.

Kumbe muda wote ule alikuwa akisimamisha namna hiyo na kujisifia wepesi wake. Kwa mota ya kawaida jambo hili hutokea kwa nadra, kwa sababu ukiizima inajifia taratibu. Kwa hiyo yeyote aliyekwisha kuweka servo kwenye lethi yenye kishikio cha hesi, leo hii aingie kwenye mpangilio wa kisanduku na aongeze muda wa kusimama uwe sekunde kadhaa. Asingoje kesho. Na kama kishikio hakina kabari ya kukizuia kisifunguke, asiizungushe mashine kinyumenyume akiwa anakata.

Liko na hili la umeme kukatika. Umeme ukikatika servo inaachia, na ngoma inazunguka yenyewe mpaka ichoke. Umeme ukirudi, mashine isianze kuzunguka kabla fundi hajabonyeza kitufe tena. Kwenye karakana zenye swichi ya zamani inayobaki imewashwa, pawekwe kontakta inayoachia umeme ukikatika. Wapo mafundi waliopoteza vidole kwa umeme uliorudi wakiwa wanapangusa mashine.

Niliporudi nyumbani nilikaa na vitabu, nikitafuta kama kuna mtu mwenye akili kuniliko aliyewahi kutupa gia. Nilikuta kwamba huko Marekani, kampuni ya Monarch ya mji wa Sidney, Ohio, ilianza mwaka 1939 kuuza lethi inayoitwa 10EE, ambayo sifa yake kubwa ilikuwa ni kubadili kasi ya spindeli bila hatua, kidogo kidogo, kwa miaka mingi kwa kutumia mota ya DC, yaani umeme wa aina ya betri. Hiyo ni miaka zaidi ya themanini iliyopita. Walikuwa na kila sababu ya kujisifu kwamba gia hazina kazi. Lakini wenyewe walibakiza seti ya gia za kupunguza kasi, kwa kazi nzito za mwendo mdogo. Na mafundi wa leo wanaobadili mota za mashine hizo, wengi huweka mota kubwa kuliko ile ya mwanzo, na gia wanaziacha.

Nikakuta na jingine. Mwaka 1952, chuo cha MIT kilionyesha mashine ya kuchonga chuma iliyokuwa inaongozwa na karatasi yenye matundu, mama wa mashine zote za kompyuta za leo. Walichukua mashine ya Cincinnati na kuifunga mitambo ya servo. Mimi siku zote nilidhani servo zile ndizo zilizokuwa zinazungusha kisu. Sivyo. Servo zilikuwa tatu, na kazi yao ilikuwa kusogeza kazi na kisu: kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini. Kisu kilizungushwa kwa namna yake ya kawaida. Servo ilizaliwa kwa ajili ya kujua mahali, na wenye mashine waliipa kazi hiyo.

Hata hivyo nisije nikatoka kwenye kosa moja na kuingia kwenye jingine, nikasema servo haifai kwenye spindeli. Inafaa, kazi ikitaka spindeli ijue ilipo. Viwanda vikubwa vinakata hesi ndani ya tundu kwa tapu iliyofungwa moja kwa moja kwenye spindeli. Spindeli na mwendo wa kushuka lazima vifuatane kwa uaminifu, la sivyo tapu inavunjika ndani. Vilevile mashine inayobadili visu yenyewe lazima isimamishe spindeli kwenye digrii ileile kila mara, ili mkono ukute mahali pa kushika. Hapo pasipo enkoda hakuna kazi. Lakini chunguza mota nyingi wanazotumia kwa spindeli hizo kubwa: zimefungwa enkoda na zinatawaliwa kama servo, ila ndani hazina sumaku za kudumu. Ni ndugu wa mota ya kawaida ya kiwandani. Sababu yake ni kwamba sumaku ya kudumu haipungui. Kadiri mota inavyozidi kasi, sumaku hiyo inazalisha umeme wa kupingana na ule unaoingia, mpaka mota inafika ukutani. Mota isiyo na sumaku ya kudumu unaweza kuipunguzia usumaku wake, ikakimbia zaidi huku nguvu yake ikibaki ileile. Spindeli inahitaji upana huo, kwa sababu asubuhi inakereza ngoma ya sentimita 32 na jioni inatoboa tundu la milimita tatu.

Naona nimekwenda mbali na Gerezani.

Tulifanya hivi. Kwanza tulikwenda kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Mota ya zamani ilikuwa imekwisha kupasuliwa kuchukuliwa shaba. Gia zilikuwa nne. Tatu tulizikuta chini ya rundo la rimu, tukazinunua kwa uzito, na bei ya kununua, kama mnavyoweza kukisia, haikuwa ile ya kuuzia. Ya nne ilikwisha kwenda kwenye tanuru.

Pili, tulitafuta mota ya mitumba ya kilowati 1.5 ya njia tatu, na invata inayopokea njia moja na kutoa njia tatu. Hiyo ndiyo dawa ambayo nilipaswa kuitaja mwaka jana, na bei yake ni nafuu kuliko servo yenye nguvu sawa. Ila iangaliwe jambo moja. Invata ya namna hiyo inatoa njia tatu za volti 220, siyo 380. Kwa hiyo kibandiko cha mota lazima kiseme 220/380, na waya ndani ya kisanduku cha mota zitolewe kwenye muunganisho wa nyota na kuwekwa kwenye wa pembetatu. Wengi wanasahau, mota inazunguka kinyonge, kisha wanalaumu invata. Mota iliyoandikwa 380/660 usiinunue kwa kazi hii hata ukipewa kwa bei ya bure. Wala usidhani invata nayo imeua gia: ukipunguza sana kasi kwa kitufe, mota inapoteza nguvu kwa hesabu ileile ya servo, na feni yake, kwa kuwa imefungwa kwenye mhimili huohuo, haipulizi tena, nayo inachemka. Punguza kwa gia kwanza, kisha rekebisha kwa kitufe.

Tatu ilikuwa ni servo yenyewe. Muuzaji alikataa kuirudisha. Kijana akawa anaitazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekula akiba ya nyumba. Nikamwambia tuipe kazi yake. Kwenye lethi kuna skrubu ndefu inayokivuta kisu wakati wa kukata hesi, na kwa kawaida huendeshwa na spindeli kupitia gia za kubadilisha, ambazo kila aina ya hesi ina seti yake. Tulifunga enkoda kwenye spindeli, tukaiunga na kisanduku cha servo, na servo tukaifunga kwenye ile skrubu. Kisanduku kinaruhusu kuandika uwiano: spindeli ikizunguka mara moja, skrubu izunguke kiasi fulani. Sasa akitaka hesi ya milimita anaandika namba, akitaka ya inchi anaandika namba nyingine. Hesi ya kwanza haikuwa nzuri. Ya tatu iliingia kwenye nati ya dukani bila kulazimishwa, na kijana akaizungusha ile nati mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Karakana jirani zenye lethi za zamani, nyingi zikiwa zimepoteza gia za kubadilisha, zimeanza kumletea kazi ya hesi.

Gharama ya mota na invata nilitoa nusu. Nilijiandaa kumbembeleza apokee, nikijua vijana wa siku hizi wana heshima zao. Alipokea palepale, akahesabu, akasema, "Ahsante mzee," akaweka mfukoni kwenye ule ukurasa wa gazeti. Marejesho ya Jumamosi mbili yalikuwa yamempita, na watu ishirini na mmoja walikuwa wanamsubiri.

Ile gia ya nne niliikata mimi, kwa rafiki yangu mwenye mashine ya kuchonga meno, kutoka kwenye kipande cha shafti. Ilinichukua siku nzima na macho siyo ya zamani. Ngoma za breki zinakwenda nusu saa kama kwanza. Ila ukisimama karibu na mashine, gia za nyuma zikiwa zimeingizwa, utasikia moja inalia kidogo kwa kila mzunguko. Kijana ananiambia haina neno, itajilainisha. Mimi najua ni ipi.